Faibaglasi ama konkriti: mambo ya kuangalia kabla hujachimba bwawa la kuogelea nyumbani Nairobi

Mtu akiamua tu kuweka bwawa la kuogelea nyumbani, swali la kwanza huwa ni bei, faibaglasi ni ngapi na konkriti ni ngapi, na kuna mafundi watakujibu hiyo swali kwa simu hata kabla hawajaona ploti yako iko wapi. Usianze hapo. Anza na udongo, halafu njia ya kufika kwako, halafu nani atakuwa analitunza hilo bwawa wiki baada ya wiki, na bei ikuje nyuma, juu hayo matatu ndiyo yanapandisha bei ama kuishusha. Nimeona watu wakichagua kwa picha za simu halafu wanakuja kugundua lori haliwezi kupita kwa geti.

Kwanza tuelewane hizi vitu ni nini. Bwawa la faibaglasi linatengenezwa kiwandani juu ya moldi, yaani kalibu ya kulipa umbo, wanaanza na jelikoti, ile sura laini ya rangi ambayo utaiona ukiwa majini, halafu nyuma yake wanapanga nyuzi za glasi zilizolowekwa kwa rezini, tabaka juu ya tabaka, mpaka inakauka na kuwa ganda moja. Linakuja kwako limekamilika, ngazi zake, kiti chake, kina chake, huwezi kuongeza hata inchi moja. La konkriti linajengwa pale pale kwa shimo: vyuma vinafungwa, konkriti inamwagwa, inapigwa plasta yenye dawa ya kuzuia maji, halafu inavalishwa taili ama mozaiki. La kwanza likishafika saiti ni kazi ya wiki moja mpaka tatu hivi. La pili ni miezi, miwili kwenda juu, na usikubali mtu akuharakishe, nitaeleza mbona.

Sasa udongo. Runda, Muthaiga, Kitisuru, Loresho na sehemu kubwa ya Kiambu ni udongo mwekundu, huo hauna noma sana, unachimbika vizuri na unatulia. Ukishuka Embakasi, South C, Syokimau, Mlolongo, Kitengela, unakutana na udongo mweusi, ule watu wa mjengo huita blakikotoni, na Karen na Lang'ata unaweza kupata yote miwili, jirani yako ana mwekundu na wewe una mweusi. Shida ya mweusi ni kwamba ukilowa unavimba na ukikauka unajikunja, na huo mchezo unaurudia kila mwaka, mvua ya Machi mpaka Mei, kiangazi, mvua ya Oktoba mpaka Desemba, kiangazi tena. Nenda kwa ploti yako Februari, ukiona nyufa ambazo vidole vinaingia, jibu umeshapata. Kama ni msimu wa mvua chukua bonge la huo udongo, lilowe kidogo, uviringishe kati ya viganja: ukitoa uzi mrefu mwembamba ambao haukatiki na mikono inabaki inanata kama imepakwa gundi, huo ni udongo wa kufura.

Udongo kama huo unasukuma ukuta wowote, wa faibaglasi utaubenua ndani na wa konkriti utaupasua, kwa hivyo usidanganywe kwamba moja ya hizi mbili ni dawa ya blakikotoni. Dawa ni kuchimba mpaka upite huo udongo ufike murram ama mwamba, na kuchimba upana zaidi ya bwawa lenyewe ili pembeni urudishe kitu kingine, kokoto ama murram iliyoshindiliwa. Ule mweusi uliotoka kwa shimo usirudi kabisa, upakiwe kwa lori uende. Hapo ndipo mafundi wa bei rahisi hupunguzia gharama, wanarudisha ule ule udongo pembeni usiku kukiwa hakuna mtu wa kuangalia, na wewe utajua mvua ya pili ikinyesha. Kama ploti ni ya udongo mweusi na unataka konkriti, lipa injinia wa miundo akuchoree vyuma, unene wa kuta na sakafu, usitegemee fundi anayesema ameshajenga nyingi.

Halafu kuna mwamba. Sehemu nyingi za mashariki ya jiji ukichimba mita moja hivi unagonga jiwe gumu, na hapo mashine ya kuvunja jiwe inakula pesa kila saa. Konkriti inakupa nafasi ya kupindisha mambo, unaweza kuamua bwawa liwe la kina kidogo, ama nusu liinuke juu ya ardhi na utengeneze ukuta wa kukalia pale pembeni. Ganda la faibaglasi lina kina chake kimoja, lazima shimo lote lifike, na hata ukitaka kuliacha likiwa limeinuka, kuta zake hazikutengenezwa kusimama peke yake bila kitu cha kuzishika kwa nje. Kwa hivyo kabla ya kitu kingine chochote chimba vishimo viwili vya majaribio, kimoja kila upande wa mahali bwawa litakaa, kina cha mita mbili. Vijana wawili na sururu. Hiyo pesa kidogo ndiyo itakuambia zaidi ya kwotesheni zote.

Hivyo vishimo viache wazi siku kadhaa uone kama maji yanajikusanya chini, juu hapa ndipo watu wengi hawaelewi na ndipo mabwawa huharibikia. Wacha tuchukue bwawa la kawaida la nyumbani, mita 8 kwa 4, kina cha wastani mita 1.5. Hapo ndani kuna lita 48,000 za maji, yaani tani 48. Ganda la faibaglasi la saizi hiyo lina uzito wa kama tani moja ama chini. Likiwa limejaa limetulia, lakini ukilimwaga maji wakati udongo wa nje umelowa mpaka juu, maji ya chini yanalisukuma na linapanda kama beseni tupu. Watu hudhani konkriti iko salama juu ni nzito. Piga hesabu: sakafu na kuta za sentimita 20 kwa hilo bwawa ni kama mita 14 za ujazo za konkriti, tani 33 hivi, na maji ya chini yakifika juu kabisa yanaweza kuinua tani 48 na zaidi. Konkriti nayo inapanda, ama inapasuka sakafu, ambayo ni mbaya zaidi. Aprili 2024 vile Nairobi ilifurika, ardhi ilikaa imelowa wiki nyingi, na huo ndio wakati ambao hufai kabisa kumwaga bwawa lolote.

Kwa hivyo, uchague gani, dai vitu viwili chini. Moja ni tabaka la kokoto chini ya bwawa lote ili maji yawe na mahali pa kutembea. Mbili ni bomba pana lililosimama kwa kona ya bwawa, linashuka mpaka kwenye hizo kokoto, na juu lina kifuniko. Ukifungua kifuniko unaona maji ya ardhini yamefika wapi, na yakiwa juu unateremsha pampu ndogo unayavuta kabla hujagusa maji ya bwawa. Kwa konkriti ongeza na valvu ya sakafuni ambayo hufunguka yenyewe maji ya chini yakizidi nguvu. Mtu akikuambia hizo ni gharama za bure, tafuta mtu mwingine.

Njia ya kufika. Ganda la upana wa mita 4 linabebwa kwa lori likiwa limelala ama limeinamishwa, na likipita barabara kuu linahitaji kibali cha mzigo mpana kutoka KeNHA, mamlaka ya barabara kuu, hiyo muuzaji ndiye anafaa kushughulikia. Kazi yako ni mita mia mbili za mwisho. Pima geti, pima kona za estate, angalia miti, na angalia juu: nyaya za stima na za intaneti zimeshuka chini kiasi gani? Kreni nayo inahitaji mahali pa kusimama pa ardhi ngumu na mkono wake ufike nyuma ya nyumba bila kupita karibu na nyaya. Kama bwawa liko nyuma ya nyumba ya orofa na pembeni kuna nafasi ya mtu mmoja tu kupita, ganda litarushwa juu ya paa, na hiyo inahitaji kreni kubwa ambayo inalipishwa kwa siku. Hapo ndipo konkriti inashinda bila ubishi, juu simiti, mchanga na kokoto hupita hata kwa wilbaro. Nimeona townhouse nyingi za Lavington na Kileleshwa ambazo mtu alikuwa ameshaipenda faibaglasi lakini ikawa haiwezekani kabisa.

Ukiamua konkriti, haya ndiyo ya kusimamia wewe mwenyewe, hata kama una injinia. Bwawa la saizi hiyo linameza zaidi ya mifuko 100 ya simiti ya kilo 50 kwa sakafu na kuta peke yake, kwa mchanganyiko wa simiti 1 kwa mchanga 1.5 kwa kokoto 3, kwa hivyo ukiona mtu ameandika mifuko 50 jua kuna ukuta ambao hautakuwa konkriti. Mara nyingi huo ukuta anapanga kuujenga kwa mawe ya kuchongwa ya Ndarugo halafu apige plasta nene. Mawe ya Ndarugo ni mazuri kwa nyumba, kila mtu huku amejengea, lakini yananyonya maji, na viungo vya mawe haviwezi kushika tani 48 kwa ndani na udongo kwa nje. Kuta ziwe konkriti yenye vyuma. Angalia vyuma visiguse fomu, zile mbao za kushikilia konkriti ikimwagwa, wala ardhi, viwe vimeinuliwa na vibao vya simiti sentimita 4 mpaka 5, juu chuma kikikaribia uso kitaota kutu na kitapasua konkriti baada ya miaka. Pale sakafu inapokutana na ukuta lazima kuwe na ule mkanda wa kuzuia maji, na kila mahali bomba linatoboa ukuta pazibwe kwa umakini, uvujaji mwingi wa mabwawa ya konkriti unaanzia hapo kwa mabomba.

Na hii ndiyo sababu nimesema usiharakishwe. Konkriti ikishamwagwa inafaa kuwekwa maji kila siku, ifunikwe na magunia yaliyolowa, siku 7 angalau, na ikae kama siku 28 kabla ya kuvalishwa taili. Kabla ya taili lijazwe maji lijaribiwe. Kuna jaribio rahisi sana la ndoo: weka ndoo juu ya ngazi ya bwawa ikiwa imezama nusu, ijaze mpaka maji ya ndani yalingane na ya nje, chora mstari ndani ya ndoo na mwingine nje yake, zima pampu, rudi kesho saa hiyo hiyo. Jua limenyonya ya ndoo na ya bwawa sawasawa, kwa hivyo kama ya nje imeshuka zaidi ya ya ndani, linavuja. Rudia siku tatu. Ukivalisha taili kabla ya hilo jaribio, kutafuta ufa baadaye ni kubomoa kwa kubahatisha.

Ukiamua faibaglasi, nenda uone ganda kiwandani kabla ya kulipa pesa ya mwisho, na uende mchana. Inama uangalie jelikoti kwa pembeni ukielekea mwanga, mawimbi na vishimo vidogo vitajitokeza. Gonga kwa kifundo cha kidole sehemu nyingi, hasa kona na ngazi: sauti iwe moja, ukisikia pahali pana sauti ya utupu basi tabaka hazijashikana na hapo patavimba malengelenge baadaye. Halafu zunguka nyuma, upande ambao hakuna mtu hupiga picha. Ukiona nyuzi nyeupe zilizokauka ambazo rezini haikuzifikia, kataa. Uliza unene wa kuta na mbavu za kuimarisha ziko ngapi, na waandike kwa garanti, garanti ya ganda na ya jelikoti huwa tofauti na wauzaji hupenda kuzichanganya kwa mdomo.

Siku ya kuliweka, kitu kimoja tu cha kuangalia kwa jicho kali: maji na kokoto vinapanda pamoja. Maji sentimita 30 ndani, kokoto sentimita 30 nje, shindilia, maji tena, kokoto tena, mpaka juu. Wakijaza maji yote kwanza kuta zinabenuka nje, wakijaza pembeni kwanza zinabenuka ndani, na ikishabenuka haitarudi. Vuta kamba toka kona moja mpaka nyingine kila baada ya tabaka uone ukuta umenyooka. Juu kabisa ganda lifungwe na mkanda wa konkriti wenye vyuma ukizunguka bwawa lote. Na maji yawe yameshaagizwa, boza tano za lita 10,000 zinatosha hilo bwawa, juu ukitegemea bomba la jiji na mgao wa maji, bwawa litakaa limejaa nusu kwa siku tatu na mvua inaweza kukupata hapo.

Baada ya hapo ni utunzaji, na hapa faibaglasi imeshinda, sioni haja ya kuzungusha maneno. Jelikoti ni laini, mwani hauna pa kushika, unapiga brashi kidogo na klorini kidogo. Konkriti ina grauti, ile simiti ya kuziba kati ya taili, mamia ya mita za grauti, na kila mstari ni nyumba ya mwani. Kila miaka kadhaa utahitaji kulimwaga ulisugue na asidi, na baada ya miaka 10 ama 15 grauti na taili zinaanza kudai pesa. Kumwaga lita 48,000 kwa jiji ambalo maji yake mengi yanatoka Ndakaini na watu wanapanga foleni na mitungi, hiyo inaniuma kusema ukweli. Faibaglasi nayo si ya milele, jelikoti hupauka na jua letu la huku juu ni kali, baada ya miaka 15 ama 20 itataka kupakwa upya.

Kama maji yako ni ya kisima kirefu, yapeleke lab kabla hujachagua. Floraidi ndiyo kila mtu anaiongelea, lakini kwa bwawa shida ni ingine: maji mengi ya visima vya Nairobi yana bikaboneti nyingi na kalsiamu kidogo. Bikaboneti inapandisha pH, kile kipimo cha maji kuwa na asidi ama magadi, kila wakati, na wewe unataka ikae 7.2 mpaka 7.6 na klorini sehemu 1 mpaka 3 kwa kila sehemu milioni za maji. Kalsiamu ikiwa kidogo, maji yanaitafuta kwenye grauti na plasta, yanaila polepole mpaka unaona mchanga kwa sakafu. Kwa konkriti itabidi uwe unaongeza kalsiamu. Simiti mpya nayo inapandisha pH miezi ya kwanza, kwa hivyo mwaka wa kwanza wa bwawa la konkriti ni mwaka wa kununua asidi. Faibaglasi haisumbuki sana na hayo.

Baridi haibagui. Juni mpaka Agosti maji yatakuwa ya kuganda miguu kwa yote mawili, jiji liko juu sana na usiku ni baridi, usikubali muuzaji akuambie faibaglasi inajipasha moto. Nunua kifuniko, kinazuia joto na maji kupotea, na ukiweza weka mabomba ya sola juu ya paa. Stima ya pampu nayo ni ile ile, pampu ya kawaida ya nyumbani ikizunguka saa 8 inakula kama yuniti 8 kwa siku, piga hesabu na tokeni zako.

Kwa hivyo mimi nikiulizwa: familia yenye watoto, udongo mwekundu, geti pana, hakuna mtu wa kushinda na brashi, chukua faibaglasi. Njia imebana, mwamba uko juu, ama unataka umbo ambalo hakuna moldi yake, ama bwawa refu la kuogelea raundi za kweli, jenga konkriti na ulipe injinia. Udongo mweusi na bajeti ya kubana, ngoja kwanza, uongeze pesa ya kuchimba na kubeba udongo, ndiyo uanze.

Kwotesheni zikija, ziwekwe kando kwa kando na uangalie kilichokosekana: kubeba udongo, kokoto za pembeni, lile bomba la kona, kreni, maji ya kwanza, sakafu ya kuzunguka, uzio wenye geti la kujifunga. Huo uzio usitolewe kwa sababu ya bei, mtoto huhitaji dakika chache tu. Angalia kama kontrakta amesajiliwa NCA, mamlaka ya ujenzi ya kitaifa, na kama ramani imepita kaunti, na kama uko karibu na mto uliza mpaka wa mto uko wapi kabla hujalipa mtu yeyote. Mabomba yote yapimwe kwa presha kabla hayajafukiwa, na uyapige picha yakiwa wazi, weka futi ya kupimia ionekane toka ukutani. Baki na asilimia 10 ya pesa mpaka msimu mmoja mzima wa mvua upite, iandikwe kwa mkataba tangu mwanzo. Zile picha zichapishe uziweke na karatasi za nyumba, juu siku maji yatashuka bila sababu ndizo zitamwonyesha fundi pa kuchimba.